Nukta ya Ziwani

Kabla haijaja, nilikuwa na miguu.
Nakala: kwa Magafu, ng'ambo ya barabara,
shilingi mia kwa ukurasa, umbea bure.
Muhuri: ghorofa ya pili, kwa Mama Nyanjura.
Barua ya uwanja wa ndege naibeba mwenyewe
kwapani, kama mkate,
na nikirudi Mkuyuni nimeshajua
bei ya sangara na nani kafiwa Igogo.

Ikaja Jumatatu. Boksi lake
Lushinge wa getini aliliomba, akafugia kuku.
Fundi akasema: hii ni nne kwa moja,
inachapa, inatoa nakala, inaskani, inatuma.
Meneja akapiga hesabu ukutani kwa wino mwekundu:
dakika arobaini kwa mtu kwa siku,
mara watu kumi na mmoja,
ni sawa na kuajiri mtu wa kumi na mbili
asiyekula.
Tukapiga makofi. Nami nilipiga.
Sikujua kwamba huyo wa kumi na mbili
ni mimi, nilipokuwa njiani.

Sisemi ni mbaya, msininukuu vibaya.
Vyeti vya minofu vilivyokuwa vikitoka saa kumi jioni
sasa saa nne asubuhi viko mkononi, vina joto la maandazi.
Gari la barafu halilii tena maji getini.
Kuna wiki umeme haukukatika hata mara moja,
kazi ya Ijumaa tukaimaliza Alhamisi,
tukabaki tunatazamana
kama waliofika harusini kabla ya bibi harusi.

Ila nne kwa moja ni nne kwa moja hata katika kufa.
Karatasi ikikwama tumboni,
wa kuchapa anasimama, wa kuskani anasimama,
mhasibu anasimama, mikono nyuma, kama yuko msibani.
Tunafungua mlango wa kwanza, wa pili, trei ya chini,
tunatafuta mwizi katika nyumba ya ndugu.
Ni katika foleni hiyo
Bugumba alimnong'oneza mhasibu
kwamba mizani namba tatu inadanganya.
Miezi sita alikuwa hajapata pa kusemea.
Hilo halikuandikwa ukutani.

Kisha usiku mmoja wa Machi
wadudu wa ziwani waliinuka upande wa Ukerewe
kama moshi wa mji usiokuwepo.
Kulipokucha tuliwafagia kwa ndoo.
Mmoja, mwembamba kuliko unywele,
alikuwa ameshapenya chini ya kioo,
akafia pale,
akawa nukta.

Siku hiyo niliskani vyeti sitini.
Sikutazama. Nani hutazama?
Mashine inatazama.

Saa saba simu: "Dada Nkwimba,
sangara tunawaona kwa macho, tani karibu tano.
Karatasi inasema kilo 48.50.
Tupakie nini, samaki au karatasi?"

Nilifungua faili. 4850, safi, kwa mkono wa Bugumba.
Nikaweka vyeti halisi kwapani
na Lushinge akaniitia bodaboda.
Mjini, Kirumba, Pasiansi,
miamba imekalia miamba bila haraka,
ziwa kushoto kwangu linang'aa kama bati jipya,
na mimi, Mungu anisamehe,
na ndege inasubiri, na meneja anapiga simu,
nilikuwa nafurahi.

Jioni nilimbandua kwa ukucha.
Hakuwa na uzito wowote,
yeye aliyepunguza shehena nzima
bila kugusa samaki hata mmoja.

Sasa ukutani kuna mstari mpya:
Kioo kifutwe kila asubuhi. Mhusika: Nkwimba. Dakika mbili.
Nafuta kwa dakika mbili.
Kisha navuka barabara kwenda kwa Magafu
sina cha kutoa nakala,
namuuliza tu,
sangara leo shilingi ngapi.